Vijitabu vya mechi vya babu: usifute penseli

SWALI: Babu yangu, aliyekuwa karani wa Reli hapa Kisumu, ametuachia sanduku la bati lililojaa vijitabu vya mechi za mpira. Vingi ni vya Gor Mahia, Luo Union na Abaluhya. Kimoja kinasema ni cha fainali ya 1987 pale Kasarani, na vichache ni vya Uingereza, alivyoletewa na mdogo wake aliyesoma huko. Pini zimeota kutu, vingine vimegandana, na karibu vyote vimeandikwaandikwa kwa penseli. Vingi vina siku na tarehe lakini mwaka haupo. Nitajuaje ni vya lini, na kama ni vya kweli? Nivifanyie laminesheni visiharibike zaidi? Nifute penseli kabla ya kutafuta mnunuzi? (Msomaji wa kike, Kondele)

JIBU: Dada, weka kifutio chini kwanza. Swali lako la mwisho ndilo la haraka kuliko yote, kwa sababu kutu unaweza kuizuia mwezi ujao, lakini penseli ikishafutwa hairudi.

Kijitabu cha mechi, kile kinachouzwa langoni, hupelekwa kwa mchapaji siku kadhaa kabla ya mpira kuchezwa. Ile orodha ya majina kwenye kurasa za katikati ni ya wachezaji waliotarajiwa. Aliyeumia mazoezini siku ya Alhamisi bado jina lake limo, na chipukizi aliyepangwa asubuhi ya mechi hayumo. Mtazamaji makini kama jaduong' (mzee) wako alisikiliza kipaza sauti, akakata jina, akaandika jingine pembeni, halafu akaweka dakika ya goli mbele ya jina la mfungaji. Ligi yetu ya miaka ya 1960 na 1970 ina mapengo mengi katika kumbukumbu zake, na kwa mechi kadhaa huenda mistari hiyo ya penseli ndiyo ushahidi pekee wa nani hasa aliingia uwanjani.

Chukua kijitabu kimoja, ukifungue katikati, kisha uweke taa ubavuni ili mwanga ulale juu ya karatasi. Utaona vitu ambavyo macho ya kawaida hayavioni: mchirizi uliokata jina, tarakimu kama 23 au 67 karibu na jina, labda matokeo ya mapumziko kwenye kona. Angalia hasa pale mstari wa penseli unapovuka mkunjo wa zamani. Kama aliandika kabla karatasi haijapasuka, mstari umekatika pale penye ufa na ndani ya ufa ni peupe. Kama mtu aliandika miaka mingi baadaye, unga wa penseli umeingia ndani ya ufa wenyewe. Kwa njia hiyo unatenganisha mkono wa babu siku ya mechi na mkono wa mjukuu aliyechezea kijitabu baadaye.

Wakusanyaji wa Uingereza wana desturi tofauti, na ni vizuri uijue ili mtu asikuchanganye. Kwao kijitabu kisafi ndicho chenye bei, na maandishi huishusha. Hata hivyo wana kimoja ambacho kila mkusanyaji anakijua: mechi ya Kombe la FA kati ya Manchester United na Sheffield Wednesday, tarehe 19 Februari 1958, siku kumi na tatu baada ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua wachezaji kadhaa wa United. Upande wa United kwenye orodha ya wachezaji ulichapwa mtupu, nafasi tu, kwa kuwa hakuna aliyejua nani angecheza. Watazamaji wakajaza majina wenyewe kwa kalamu. Ukikuta hicho ndani ya sanduku, kitambue, lakini usidhani umepata utajiri. Watu karibu 60,000 walikuwa uwanjani usiku ule, na wengi walikihifadhi kwa huzuni.

Sasa tarehe. Anza na majina ya timu, maana historia ya klabu zetu imeandikwa ndani ya majina hayo. Luo Union ni timu ya zamani kuliko Gor Mahia, na ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Nakuru All-Stars kuchukua ule wa kwanza kabisa wa 1963. Gor Mahia ilizaliwa Februari 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, na mwaka huohuo ikawa bingwa. Lakini jina la Luo Union halikufa hapo. Lilirudi uwanjani, likachukua ligi ya 1975, kisha kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Kwa hiyo kijitabu chenye mechi ya Gor Mahia na Luo Union hakiwezi kuwa cha kabla ya 1968. Upande wa pili unafungwa na mwaka 1980, serikali ilipopiga marufuku vyama vya kikabila na klabu zikalazimika kubadilisha majina. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya, iliyoanza 1964 ikiitwa Abaluhya United, ikawa AFC Leopards. Gor Mahia yenyewe ikaandikwa Gulf Olympic Rangers ili herufi za GOR zibaki. Ukikuta jina hilo la mwisho kwenye kava, kiweke pembeni kwa heshima. Ni la kipindi kifupi, na mashabiki hawakulizoea kamwe.

Timu za kampuni zinasaidia pia. Kenya Breweries iliitwa hivyo hadi 1999, ilipobadilika kuwa Tusker. Hata anayetajwa kama bingwa mtetezi ni saa ya kusomea wakati: kijitabu kinachowaita Nakuru All-Stars mabingwa wa ligi ni cha 1964 au cha 1970, kwa sababu walishinda mara mbili tu, 1963 na 1969.

Baada ya timu, tazama herufi za shirikisho la soka la Kenya, maana jina lake lilibadilika. FAK (Football Association of Kenya) zinakupeleka kabla ya katikati ya miaka ya 1970, KFF (Kenya Football Federation) zinakupeleka baada ya hapo, na FKF (Football Kenya Federation) ni 2011 kuja huku. Kisha uwanja. Kijitabu kinachosema Moi Stadium, Kisumu, hakiwezi kutangulia 1978, mwaka Moi alipokuwa Rais. Nyayo ulifunguliwa 1983 na Kasarani 1987. City Stadium wa Nairobi uliwahi kuitwa African Stadium, kisha Jogoo Road Stadium, na jina hilo la kwanza kabisa ni dalili ya umri mkubwa. Bei haikusaidii sana kwa vya Kenya, kwa sababu shilingi ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa shilingi ya Kenya mwaka 1966, zote ziliandikwa Sh. vilevile. Matangazo ya biashara yanasaidia zaidi: simu ya Kisumu yenye 035 au ya Nakuru yenye 037 ni ya kabla ya namba kubadilishwa kuwa 057 na 051, na namba ya simu ya mkononi haiwezi kuwa kwenye kijitabu cha miaka ya 1980.

Halafu ifanye siku ya wiki ikufanyie kazi. Tuseme, kwa mfano, kijitabu cha Luo Union kimeandikwa Jumapili, 14 Machi, bila mwaka. Kati ya 1965 na 1985, tarehe 14 Machi iliangukia Jumapili miaka minne tu: 1965, 1971, 1976 na 1982. Jina la Luo Union linaondoa 1982. Kama juu kuna herufi za KFF, 1965 na 1971 nazo zinatoka. Unabaki na 1976. Kalenda ya miaka iliyopita iko kwenye simu yako, rudisha nyuma tu. Ukishapata mwaka mmoja au miwili, thibitisha kwa gazeti la siku iliyofuata. Mechi ya Jumapili iliripotiwa Jumatatu katika Taifa Leo, Daily Nation na East African Standard, na magazeti hayo ya zamani yapo Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, na Maktaba ya McMillan. Nenda na orodha ya tarehe mkononi ili usipoteze siku nzima kupekua.

Kile cha 1987 kinahitaji jicho kali kuliko vingine vyote, maana ndicho kitakachotamaniwa na kila mtu na ndicho chenye sababu ya kunakiliwa. Fainali ile ya Kombe la Washindi Barani Afrika, iliyoitwa Kombe la Nelson Mandela, ilikuwa na mikondo miwili. Gor Mahia walitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 Kasarani Jumamosi tarehe 5 Desemba, wakatwaa kombe kwa magoli ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Basi soma maneno ya ndani kabla ya kutazama karatasi. Kijitabu kilichouzwa langoni siku ile kinaweza kujua matokeo ya Tunis, lakini hakiwezi kujua kwamba Gor ni mabingwa wa Afrika. Kama ndani wanaitwa mabingwa, au kuna picha ya nahodha Austin Oduor akiinua kombe hilo, ni ukumbusho uliotengenezwa baadaye. Unaweza kuwa mzuri na wa zamani, ila usiuuze kama kijitabu cha mechi.

Baada ya maneno, chukua lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya fundi saa inatosha, na uitazame picha moja. Uchapaji wa ofseti huonyesha vitone vilivyopangwa kwa mpangilio, na kwenye picha za rangi vitone hivyo hujipanga kama viua vidogo. Printa ya wino ya nyumbani humwaga vitone ovyo bila mpangilio. Mashine ya fotokopi au printa ya leza huacha unga ulioyeyuka juu ya karatasi. Herufi zinang'aa kidogo ukizigeuza kwenye mwanga, na kuna punje nyeusi zimetapakaa pembeni ya herufi. Uchapaji wa herufi za risasi, uliotumika sana kwa vijitabu vya zamani, unausikia kwa kidole: pitisha ncha ya kidole nyuma ya ukurasa na utahisi herufi zimetokeza kidogo. Kingine cha kutambua ni saiklostaili, ile mashine ya stensili iliyokuwa kwenye kila ofisi ya shule na manispaa. Karatasi yake ni nene, haing'ai, inanyonya wino. Tumbo la herufi o limezibika, na mara nyingi kuna kivuli cha mafuta kuzunguka maandishi. Vijitabu vya aina hiyo vinaonekana vya ovyo na watu huvitupa kwanza. Usivitupe, maana vilichapwa vichache na karatasi yake haikuundwa kudumu.

Pima pia kwa rula. Fulskepu ya zamani ni milimita 203 kwa 330, kwa hiyo ikikunjwa mara moja inakupa kijitabu cha karibu 203 kwa 165. A4 ikikunjwa inatoa 148 kwa 210. Fulskepu iliendelea kutumika ofisini muda mrefu, basi kipimo cha fulskepu hakithibitishi uzee, lakini kijitabu kinachodai ni cha miaka ya 1950 kikiwa na kipimo kamili cha A5 kinastahili kuulizwa maswali. Taa ya zambarau ya kukagulia noti ina kazi yake vilevile. Karatasi ya kabla ya Vita vya Pili haina kemikali ya kung'arisha weupe, kwa hiyo haiwaki buluu chini ya taa hiyo. Kwa vya miaka ya 1970 na 1980 kipimo hiki hakina maana, kwa sababu kemikali hiyo ilikuwa imeshaenea kila mahali.

Kwa vile vya Uingereza nitapita haraka. Tarehe 15 Februari 1971 waliacha shilingi na peni za zamani, kwa hiyo bei kama 6d (peni sita) au 1/- (shilingi moja) ni ya kabla ya siku hiyo. Vya wakati wa vita mara nyingi ni karatasi moja tu, kwa sababu karatasi ilikuwa adimu. Vingi vya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 vilikuwa na jarida la Football League Review limebanwa ndani. Likikosekana bei inashuka, sawa na pale ambapo tokeni ya kona, yaani kuponi ndogo iliyochapwa hapo, imekatwa kwa mkasi. Kile cha fainali ya Kombe la Dunia 1966 kimechapwa upya mara nyingi, basi usikichukulie kuwa cha kweli mpaka mtu mwenye cha kweli avilinganishe viwili. Vya ligi ya kawaida vya 1970 kuja huku vilichapwa kwa maelfu na kutunzwa na wengi, na bei yake ni ndogo.

Laminesheni, dada, hapana. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto na kuipenyeza ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna anayeweza kuitoa bila kuchana. Kijitabu kilichofanyiwa hivyo hakiuziki na hakitengenezeki. Selotepu vilevile: baada ya miaka michache gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kula maandishi.

Pini za kutu ndizo zinazokula karatasi sasa hivi, hasa hewa ya Kisumu ikiwa na unyevu. Kwa vijitabu vya Kenya unavyotaka kuvihifadhi, zitoe. Laza kijitabu kikiwa wazi katikati juu ya taulo safi. Miguu miwili ya kila pini itaonekana imelala. Kata kipande chembamba cha plastiki kutoka kwenye folda inayoonyesha ndani na kiingize chini ya mguu wa pini ili kisu kisiguse karatasi. Inua mguu taratibu kwa kisu butu mpaka usimame wima, fanya hivyo na wa pili, kisha geuza kijitabu, weka plastiki chini ya mgongo wa pini, inua na uvute moja kwa moja kwa kibano. Makosa hutokea pale kutu inapokuwa imeshikana na karatasi. Ukivuta, utang'oa duara zima. Hapo kata mguu kwa kikata kucha na utoe vipande. Unga wa kutu uondoe kwa brashi laini kavu, kamwe usitumie maji wala limau. Usirudishe pini mpya ya chuma. Pitisha uzi mweupe wa pamba kwenye matundu yaleyale na ufunge fundo lililolegea kwa ndani. Kwa vile vya Uingereza unavyotaka kuuza, acha pini mahali pake isipokuwa karatasi imeanza kutoboka, kwa sababu mnunuzi hutafuta pini ya asili.

Vilivyogandana, viangalie karatasi yake kwanza. Karatasi isiyong'aa mara nyingi huachana ukipitisha kipande kilekile cha plastiki polepole kutoka kwenye kona iliyolegea. Karatasi yenye kung'aa ina tabaka la udongo mweupe ambalo, likilowa na kukauka, hugeuka gundi. Usiivute wala usiipige mvuke wa birika. Iache ilivyo mpaka ipate mtaalamu wa uhifadhi. Vyenye ukungu vitoe nje ya nyumba, kwenye kivuli chenye upepo, uvae barakoa, ukungu ukauke kabisa, ndipo upanguse kwa brashi ukielekeza nje ya kijitabu.

Kama kuna wadudu, friza itawamaliza bila dawa. Funga vijitabu kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, ziba vizuri, weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukiufungua mapema, umande utaganda kwenye karatasi baridi badala ya kwenye plastiki. Naftalini usiiweke humo sandukuni. Harufu yake haitoki na si salama kwa anayevisoma.

Sanduku la bati lenyewe ni sehemu ya tatizo. Likikaa kwenye sakafu ya saruji au chini ya mabati, hupata joto mchana na kutoa jasho usiku, na jasho hilo ndilo lililozaa kutu. Hamishia vijitabu kwenye boksi la karatasi lisilo na asidi, vikilala bapa, kila kimoja ndani ya mfuko wa poliesta au polipropilini. Epuka mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu kali, kwa kuwa hutoa mafuta yanayonata kwenye wino. Weka boksi kwenye rafu ya ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na jiko na bafu. Unyevu ukizidi asilimia 65 ukungu huanza, nawe lenga kati ya 35 na 50. Katika msimu wa mvua za masika Kisumu hilo linahitaji pakiti za silika, zikaushwe kwenye ovena mara zinapobadilika rangi. Mchele haufai, unaita wadudu.

Kabla ya kumwonyesha mnunuzi yeyote, piga skani. Tumia dpi 600 (vitone 600 kwa kila inchi), mafaili ya TIFF yasiyopunguza ubora wa picha, na usikubali watu wa saiba, duka la kompyuta, wapitishe kurasa kwenye mashine inayovuta karatasi yenyewe. Skani kwa rangi hata ukurasa ukiwa mweusi na mweupe, kwa sababu skani ya nyeusi na nyeupe hupoteza penseli hafifu, na penseli ndiyo tunayoitaka. Piga kava zote mbili na matangazo yote. Lipe kila faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha timu, na pale mwaka ulipoupata kwa kukisia weka alama ili anayekufuata ajue.

Kuhusu kuuza, tenganisha mafungu mawili. Vya Uingereza viuze kama unahitaji fedha; soko lake lipo na nakala nyingine zipo. Vya Luo Union, Abaluhya na Gor ningekuomba visiachane na visitoke nje ya nchi, hasa vile vyenye mkono wa babu. Anayekuja na ofa ya sanduku zima kwa bei moja kwa kawaida ameshaona kimoja kinachomlipa vyote. Makumbusho ya Kisumu yapo hapohapo mjini kwenu. Nenda na orodha yako na skani chache kwenye simu, uulize masharti ya kuazimisha kabla ya kuzungumzia kutoa kabisa, na utake karatasi iliyotiwa sahihi inayotaja kila kijitabu kwa timu, tarehe na hali yake, pamoja na maneno kwamba ndani kuna maandishi ya penseli ya mwenye mali yasiyopaswa kufutwa.